Ukuzaji wa Darubini ya Bunduki na Alama ya Kulengea: Mara 6, Mara 12 au Mara 36?

Katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996, mlenga shabaha wa Ujerumani Christian Klees alilala kifudifudi, akafyatua risasi 60 kwa umbali wa mita 50, na zote 60 zikaingia katika duara la kumi, lile lenye alama nyingi zaidi. Duara hilo lina kipenyo cha milimita 10.4, na bunduki yake haikuwa na darubini yoyote. Alikuwa na vilengeo vya mchezo huo tu, yaani tundu dogo karibu na jicho na pete ndogo mbele ya mtutu, ambavyo havikuzi kitu hata kidogo. Jicho lenye afya hutenganisha vitu viwili vinapoachana kwa takriban dakika moja ya pembe, ambayo ni sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja, na kwa umbali wa mita 50 dakika hiyo ni karibu milimita 14.5. Klees, basi, alipiga mara sitini kitu kilicho chini ya kipimo cha macho yake. Aliweza kwa sababu hakulilenga lile duara dogo. Alililenga duara jeusi lenye upana wa milimita 112.4, akaliweka katikati ya pete ya mbele, na jicho la binadamu, ambalo lina udhaifu katika kuona vitu vidogo vya mbali, ni hodari mno katika kutambua kama duara limekaa sawasawa ndani ya duara lingine.

Hapo ndipo ulipo msingi wa ulinganisho huu. Ukuzaji wa darubini na alama ya kulengea ni vitu viwili vinavyopaswa kuchaguliwa kwa pamoja, kama kufuli na ufunguo wake. Mlengaji asiyeridhika na matundu yake yaliyotawanyika mara nyingi hukimbilia darubini kubwa zaidi, ilhali tatizo liko kwenye karatasi aliyoibandika, ambayo hailingani na darubini aliyo nayo. Nitaweka kando kwa kando ngazi tatu zinazokutwa zaidi kwenye viwanja vya shabaha, yaani mara 4 hadi 6, mara 10 hadi 14, na mara 24 kwenda juu hadi zile za mara 55 zinazotumika katika mashindano ya masafa marefu, na kila ngazi nitaipa shabaha inayoistahili. Vipimo vingi vitakuwa vya mita 100, ambapo dakika moja ya pembe ni milimita 29. Kwa mita 200 ni milimita 58, na kwa mita 300 ni milimita 87.

Ukuzaji unampa mlengaji nini hasa

Darubini ya mara 6 huyawezesha macho kupambanua kitu kidogo mara sita kuliko yanavyoweza yenyewe. Kwa mita 100, kipimo cha milimita 29 hushuka hadi karibu milimita 4.8. Ukipanda hadi mara 12 hushuka hadi milimita 2.4, kwa mara 24 ni milimita 1.2, na kwa mara 36 ni milimita 0.8. Anayezitazama namba hizi haraka atasema kwamba mara 36 ndiyo mshindi na kwamba hakuna cha kulinganisha. Lakini tazama hatua zenyewe: kutoka mara 6 hadi mara 12 umeokoa milimita 2.4, kutoka mara 12 hadi mara 24 umeokoa milimita 1.2, na kutoka mara 24 hadi mara 36 umeokoa milimita 0.4 tu. Kila hatua ya juu hugharimu fedha zaidi na kuleta faida ndogo zaidi.

Kisha kuna bunduki yenyewe. Hata ikibanwa kwenye jiwe, bunduki haipitishi risasi zote katika tundu moja, na mtawanyiko huo wa bunduki na risasi huungana na kosa la kulenga kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Makosa mawili yasiyotegemeana hayajumlishwi moja kwa moja. Hujumlishwa miraba yake, kisha hutafutwa kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Chukua bunduki ya kuwindia inayotawanya risasi kwa milimita 30 kwa mita 100, na mlengaji anayekosea kwa milimita 5 kwa sababu darubini yake ni ya mara 6. Mtawanyiko wa jumla unakuwa milimita 30.4. Mpe mtu huyo darubini ya mara 24, kosa lake la kulenga lishuke hadi milimita 1.2, na jumla inakuwa milimita 30.02. Amelipa fedha nyingi kupunguza chini ya nusu milimita, kiasi ambacho hata rula ya shule haitakionyesha vizuri.

Sasa chukua bunduki ya mashindano ya benchi, yenye mtutu mzito, iliyolazwa juu ya mifuko ya mchanga, ambayo yenyewe hutawanya kwa milimita 6 tu. Kwa kosa la milimita 5 jumla ni milimita 7.8, kwa kosa la milimita 1.2 jumla ni milimita 6.1. Hapa ukuzaji umepunguza zaidi ya sehemu moja ya tano ya mtawanyiko, na katika mchezo ambao mshindi hupatikana kwa tofauti zinazopimwa kwa kifaa maalumu, hilo ni jambo kubwa. Ndiyo maana walengaji wa benchi nchini Marekani hupanda hadi mara 36, mara 42 na mara 45 zisizobadilika, na ndiyo maana mwindaji anayewaiga hafaidiki. Kabla ya kuuliza ukuzaji, pima kwanza bunduki yako hutawanya kiasi gani.

Mara 4 hadi 6: shabaha kubwa yenye kingo zilizo wazi

Darubini za ngazi hii zina sifa ambazo matangazo ya biashara huzipitia haraka. Uwanda unaoonekana kwa mara 4 ni takriban mita 9 hadi 10 kwa umbali wa mita 100, hivyo mlengaji haipotezi shabaha wala hailengi ya jirani. Mwanga ni mwingi: ukigawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji unapata upana wa mwale unaofika kwenye jicho, na lenzi ya milimita 40 kwa mara 6 hutoa mwale wa milimita 6.7, ambao unatosha hata jioni mboni inapopanuka. Mtikisiko wa mikono nao hauonekani kwa ukubwa unaotisha. Mtikisiko upo uleule kwa ukuzaji wowote, ila mtu anapouona ukirukaruka mbele ya jicho lake huanza kuivizia shabaha, na msalaba, yaani mistari miwili ya kulengea inayokatana ndani ya darubini, unapopita katikati huvuta kifyatulio kwa ghafla. Kwa anayelenga akiwa amesimama, mara 4 humtuliza kuliko mara 16, na nimeona hilo likiwatokea wanagenzi wengi kiasi kwamba huwashauri waanzie chini.

Udhaifu wa ngazi hii ni mstari wa msalaba. Katika darubini nyingi za kuwindia, sehemu nyembamba ya mstari hufunika sentimita 1 hadi 2 za shabaha kwa mita 100. Ukibandika karatasi yenye nukta ya sentimita 1, nukta hiyo hutoweka nyuma ya mstari, na hapo mlengaji anakuwa anakisia. Huyu ndiye anayelalamika kwamba darubini yake haitoshi. Mpe mraba mweupe wenye upana wa milimita 80, uliozungushiwa ukingo mweusi wa milimita 25 au 30, na msalaba utaugawa mraba huo katika vijimraba vinne vyeupe. Kazi ya jicho sasa ni kuvifanya vile vinne vilingane, kazi ileile aliyoifanya Klees kwa maduara, na kosa la kulenga hushuka chini ya zile milimita 4.8 tulizozihesabu.

Wapo wanaocheza kwa ukuzaji mdogo kwa lazima ya kanuni, na matokeo yao yanafundisha. Katika mashindano ya benchi ya Marekani kuna daraja la bunduki za kuwindia ambalo darubini haziruhusiwi kuzidi mara 6. Katika mashindano ya bunduki za mtindo wa kijeshi nchini humohumo, darubini zisizozidi mara 4.5 ziliruhusiwa kuanzia mwaka 2016, na washindani hulenga hadi yadi 600. Shabaha yao ya yadi 600 ina duara jeusi la inchi 36, duara la kumi la inchi 12 na kitovu cha inchi 6. Duara jeusi hilo ni karibu dakika 5.7 za pembe, kubwa kiasi kwamba mistari ya msalaba huligawa na kutokeza nje pande zote nne. Mlengaji haoni duara la kumi hata kidogo kwa mara 4.5, wala haitaji kuliona, kwa sababu analiweka jeusi zima katikati.

Rangi ina uzito wake hapa. Duara jeusi tupu, kama lile la shabaha za Olimpiki, lilibuniwa kwa ajili ya vilengeo vya pete, nalo huwapa shida wenye darubini, kwa sababu mstari mweusi ukiingia ndani ya duara jeusi hauonekani tena. Kwa darubini ya ukuzaji mdogo chagua shabaha yenye weupe katikati, au yenye jeusi kubwa la kutosha ili mistari itokeze nje ya kingo zake. Msalaba unaowaka taa husaidia kwenye jeusi, ingawa taa ikiongezwa kupita kiasi huifunika alama kwa mng'ao.

Mara 10 hadi 14: ngazi ya watu wengi

Ningelazimishwa kumchagulia darubini moja mtu nisiyemjua, ambaye hulenga karatasi kwa mita 50 hadi 300, ningemchagulia ngazi hii bila kusita. Kwa mara 12, kosa la kulenga la milimita 2.4 kwa mita 100 ni dogo kuliko mtawanyiko wa karibu kila bunduki inayouzwa dukani. Uwanda unaoonekana ni kama mita 3, ambao unatosha kusoma namba ya shabaha yako na kujua kwamba hujahamia kwa jirani. Lenzi ya milimita 42 hutoa mwale wa milimita 3.5, unaolingana na mboni ya mchana.

Faida nyingine ni kuyaona matundu. Tundu la risasi ya .22 lina upana wa karibu milimita 5.6. Kwa mita 100 na darubini ya mara 6, tundu hilo linaonekana kwa kipimo kidogo tu juu ya dakika moja, yaani liko kwenye mpaka wa uwezo wa macho hata kwenye karatasi nyeupe, na kwenye jeusi halionekani kabisa. Kwa mara 12 linaonekana maradufu, na mlengaji mwenye macho mazuri hulitambua kwenye weupe bila kuinuka. Ikiwa hili ndilo linalokusukuma kutaka ukuzaji zaidi, zingatia kwanza zile karatasi zenye tabaka jeusi linalobanduka risasi inapopita na kuacha duara la manjano linalong'aa, kama Shoot-N-C za kampuni ya Birchwood Casey. Karatasi moja ya namna hiyo hulifanya tundu lionekane kwa darubini ya mara 6 kama ambavyo tundu la kawaida linavyoonekana kwa darubini kubwa zaidi. Kuona matundu na kulenga ni mahitaji mawili tofauti, na la kwanza hutimizwa kwa bei nafuu kwa karatasi hizo au kwa darubini ya pembeni iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu.

Alama inayoifaa ngazi hii kwa mita 100 ni ya milimita 25 hadi 30. Hapa ndipo napenda kuulinganisha mraba na almasi, yaani mraba uliosimama juu ya kona yake. Mraba humtaka mlengaji alinganishe maeneo manne. Almasi humtaka aziweke ncha nne juu ya mistari minne, na jicho la binadamu hutambua mstari uliokatika na kusogea pembeni kwa usahihi wa sekunde chache za pembe, mara kadhaa kuliko linavyotambua nukta mbili zilizokaribiana. Almasi, hivyo, hushinda pale mstari wa msalaba unapokuwa mwembamba. Mstari ukiwa mnene hufunika ncha na faida yote hupotea, nao mraba hurudi kuwa bora. Mwenye msalaba wa darubini ya kuwindia abaki na mraba. Mwenye msalaba wa mistari myembamba ajaribu almasi, na wengi wataona tofauti katika karatasi ya kwanza.

Walengaji wa mashindano ya vyuma, ambao hutembea kutoka kituo kimoja hadi kingine na kulenga mabamba ya chuma kwa umbali unaobadilika, wanatupa ushahidi wa namna nyingine. Darubini zao hufika mara 25 au zaidi, lakini wengi wao huziweka kati ya mara 12 na 18 wakati wa kushindana. Wanataka kuyaona mabamba mengine kwa wakati mmoja, na wanataka, baada ya mshindo wa bunduki, kuona vumbi lilipotimka ili warekebishe risasi inayofuata. Bamba lao huwa na upana wa dakika moja au mbili za pembe. Kwa bamba hilo, mara 36 ni mzigo tu.

Mara 24 hadi 55: alama ndogo, hewa iliyotulia

Katika ngazi hii kila kitu hubana. Darubini ya mara 42 yenye lenzi ya milimita 44 hutoa mwale wa milimita 1 tu, hivyo picha ni hafifu na kichwa kikisogea kidogo giza huingia. Darubini ya mara 36 huonyesha takriban mita 1 kwa umbali wa mita 100, na karatasi yenye alama nyingi zinazofanana humpoteza mlengaji kirahisi. Risasi nzuri ikipita kwenye alama isiyo yake haihesabiwi. Namshauri anayetumia ukuzaji huu aziandike namba kubwa kando ya kila alama.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni mazigazi, ule mtetemo wa hewa unaopanda kutoka ardhini jua linapowaka. Darubini huikuza hewa pamoja na shabaha. Kwa mara 10 mazigazi ya saa sita mchana huonekana kama utelezi mwembamba kwenye kingo. Kwa mara 40 shabaha nzima huchemka kama maji ya ugali, na alama huonekana ikihama kutoka mahali pake. Katika nchi zetu za karibu na ikweta, uwanja wa shabaha ulio wazi huanza kuchemka mapema asubuhi, na mtu aliyenunua mara 50 atajikuta akiirudisha hadi mara 20 siku nyingi za mwaka. Mtutu wenyewe nao ukipata moto hutoa mazigazi yake mbele ya lenzi, na ndiyo maana walengaji wa benchi hufunika mtutu kwa utepe mpana. Lakini mazigazi hayana ubaya pekee. Mlengaji wa masafa marefu huyasoma kama bendera: yakielekea kulia, upepo unakwenda kulia, yakipanda wima, upepo umekufa au unakuja moja kwa moja. Ukuzaji wa juu humwezesha kuyasoma, mradi yasiwe mazito kiasi cha kuificha shabaha.

Ukuzaji huu uko nyumbani kwake katika mchezo wa kulenga masafa marefu kwa darubini unaoitwa F-Class, ulioanzia Kanada na kuchukua jina lake kutoka kwa George Farquharson, na ambao leo huchezwa katika viwanja kama Bisley nchini Uingereza hadi yadi 1,000. Shabaha ya Marekani ya mchezo huo kwa yadi 1,000 ina duara la kumi la inchi 10 na kitovu cha inchi 5, yaani karibu dakika moja ya pembe kwa duara la kumi na nusu dakika kwa kitovu. Mlengaji wa F-Class hafanyi kazi ya kulenga katikati kila mara. Upepo ukigeuka huusogeza msalaba hadi kwenye mstari wa tisa wa upande wa kushoto, au nusu ya njia kati ya nane na tisa, kisha hufyatua. Anaihitaji mistari ya shabaha kama rula, na bila ukuzaji wa mara 30 au 40 mistari hiyo myembamba haisomeki kwa umbali huo. Hapa, shabaha ndiyo inayoudai ukuzaji. Tofauti yake na mlengaji wa bunduki yenye pete, anayelala kwenye uwanja uleule wa Bisley na kulenga yadi 1,000 bila darubini, ni kwamba yule wa pete hugeuza vilengeo vyake kwa ajili ya upepo na kuliacha duara jeusi katikati daima.

Kwa mita 100 kwenye benchi, alama ya milimita 9 au 10 inatosha kwa mara 36, na nukta ya darubini hizo, ambayo mara nyingi ni thumuni ya dakika, hufunika milimita 3.6 tu. Shabaha za benchi za Marekani zinazopimwa kwa ukubwa wa kundi zina mraba wa kulengea juu na maduara chini yake, na walengaji hurekebisha darubini ili risasi zitue mbali na pale wanapolenga, kwa sababu alama iliyotobolewa na risasi ya kwanza haiwezi kulengwa sawasawa na risasi ya pili. Mbinu hii inamfaa kila mtu anayejaribu risasi, hata mwenye darubini ya mara 6.

Hesabu ndogo ya kuoanisha

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikichapisha alama zangu mwenyewe, baada ya kuchoka na karatasi zilizobuniwa kwa ajili ya darubini ya mtu mwingine. Hesabu ninayoitumia ni kugawanya 320 kwa ukuzaji, na jibu ni upana wa alama kwa milimita kwa umbali wa mita 100. Kwa mara 4 ni milimita 80, kwa mara 6 ni 53, kwa mara 10 ni 32, kwa mara 24 ni 13, na kwa mara 36 ni 9. Kwa mita 50 gawanya jibu kwa mbili, na kwa mita 200 lizidishe kwa mbili. Maana yake ni kwamba kila alama huonekana kwenye jicho ikiwa na ukubwa uleule wa karibu dakika 11, ambao kwa macho yangu huacha weupe wa kutosha pande zote za msalaba bila kumruhusu mlengaji kuzurura ndani ya alama. Mwenye mistari minene aongeze robo; mwenye nukta nyembamba apunguze kidogo.

Darubini isiyobadilika na inayobadilika

Kwa fedha zilezile, darubini isiyobadilika ya mara 10 kwa kawaida huwa na vioo bora na sehemu chache za kulegea kuliko ile ya mara 6 hadi 24. Darubini nyingi za bei nafuu huwa na ukungu katika robo ya mwisho ya ukuzaji wake, hivyo aliyelipia mara 24 hutumia mara 18. Inayobadilika, hata hivyo, humruhusu mtu kurudi chini mazigazi yanapozidi, na kwa anayelenga asubuhi na mchana katika hali ya hewa ya joto hiyo ni sababu tosha ya kuichagua. Ukiichagua, irekebishe ili risasi itue pale unapolenga ukiwa katika ukuzaji uleule utakaoutumia, kwa sababu baadhi ya darubini huhamisha kidogo mahali pa kulenga pete ya ukuzaji inapozungushwa.

Kuna pia suala la mahali ulipo msalaba ndani ya darubini. Ukiwa katika bapa la fokasi la kwanza, hukua pamoja na shabaha, na vipimo vyake ni sahihi kwa ukuzaji wowote, jambo linalowafaa walengaji wa mabamba ya chuma kwenye masafa mchanganyiko. Ukiwa katika bapa la pili, hubaki na unene uleule machoni huku shabaha ikikua, hivyo kwa ukuzaji wa juu mstari hufunika sehemu ndogo zaidi ya alama. Kwa karatasi kwenye umbali unaojulikana, la pili ni bora, nalo ndilo linalotumiwa zaidi katika benchi na F-Class.

Jambo moja ambalo ukuzaji hauliponyi

Kabla ya kulaumu ukuzaji, ondoa kosa la paralaksi, yaani ule mwendo wa msalaba juu ya shabaha jicho linaposogea nyuma ya darubini. Darubini isiyo na kirekebishi huwa imewekwa kiwandani kwa yadi 100 au 150, na zile za bunduki za .22 mara nyingi kwa yadi 50. Kosa kubwa kabisa linaloweza kutokea ni nusu ya kipenyo cha lenzi ya mbele, ikizidishwa kwa tofauti ya umbali na kugawanywa kwa umbali uliowekwa. Kwa lenzi ya milimita 40 iliyowekwa kwa mita 100, ukilenga mita 50 kosa linaweza kufika milimita 10, karibu upana wa lile duara la kumi la Klees, na ukuzaji haupo kabisa katika hesabu hiyo. Anayetumia bunduki ya .22 kwa mita 50 atafaidika zaidi na darubini ya mara 6 yenye kirekebishi cha paralaksi kuliko ya mara 16 isiyo nacho.

Uchaguzi kwa matumizi

Mwenye bunduki ya kuwindia yenye leseni nchini Tanzania, anayefika uwanjani mara chache kwa mwaka kuirekebisha bunduki kabla ya msimu, achukue mara 6 isiyobadilika au mara 3 hadi 9, abandike mraba mweupe wa milimita 50 hadi 60 kwa mita 100, na fedha zilizobaki azitumie kwa risasi za mazoezi. Nchini Kenya, ambako uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, mwenye bunduki ya .22 katika klabu anayelenga karatasi kwa mita 50 na 100 achukue inayobadilika inayofika mara 12 au 16, yenye kirekebishi cha paralaksi, na almasi ya milimita 13 kwa mita 50. Anayelenga mita 300 akiwa amelala na anataka kuyaona matundu ya risasi ya .308 bila msaada wa darubini ya pembeni atahitaji mara 24, kwa kuwa kwa mara 12 tundu la milimita 7.8 liko kwenye mpaka uleule wa dakika moja tulioukuta kwa .22; lakini akiwa na darubini ya pembeni, mara 12 na mraba wa milimita 80 vinamtosha. Mara 36 na zaidi zibaki kwa mwenye bunduki ambayo, ikiwa juu ya mifuko ya mchanga, risasi zake tano kwa mita 100 hufunikwa na sarafu ndogo, tena mara nyingi mfululizo na bila kuchagua karatasi nzuri peke yake.